Vijiti vya Wagane

Mkuu wa kituo alikuwa na tabia moja: habari mbaya aliitoa akiwa mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje, kama mtu aliyepita tu kuuliza saa. Ukimwona ameingia mzima mzima na kuvuta kiti, furahi, pengine umepandishwa cheo. Asubuhi hiyo hakuingia.

"Jenereta ya pili imekufa," alisema. "Fundi ameifungua, ameifunga, ameondoka hata chai hakunywa. Iliyobaki haiwezi kupasha joto vyumba viwili. Kesho anakuja Mkaguzi. Ataangalia miti, ataangalia panya, atalinganisha. Mmoja wenu atabaki na chumba cha joto."

"Na mwingine?" aliuliza Mama Meno.

Mkuu akatazama nje, ambako ukungu ulikuwa umelalia mapaa na baridi ilizidi kukaza kila wiki. "Tutamtafutia mahali," alisema, akauondoa ule mguu wa ndani.

Wote wawili walilijua hilo "mahali". Kituo kile cha kutunza viumbe adimu kilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, katika jengo lililowahi kuwa ghala la magodoro. Uani palikuwa na banda la mabati, na humo ndimo walimowahi kutafutiwa mahali kobe fulani adimu sana. Magamba yao bado yalikuwepo. Yalitumika kuzuia mlango usijifunge upepo ukivuma.

Mama Meno alitunza panya. Si hawa wa kwako wanaokula sabuni. Hawa walikuwa panya mkia-ufagio, wakubwa kama sungura mchanga, manyoya ya kijivu, na mkia uliotawanyika nchani kana kwamba wameutumia kufagia nyumba ya mkwe. Duniani kote walikuwa wamebaki hao wa kwenye vizimba vyake tu. Jina lake alilipata kwa sababu ukimuuliza habari za wanyama wake, alianzia kwenye meno. Meno ya panya hawa hayaachi kuota, alikuwa akieleza, na mnyama asipopata mti mgumu wa kuguguna, meno hupinda, yakafunga mdomo, naye akafa njaa huku bakuli limejaa. Alieleza hivyo hata kwenye chakula cha harusi, mpaka watu wakahama meza.

Aliyetunza miti aliitwa Kinyozi, maana mkasi wake mdogo wa kupogolea haukumtoka mkononi. Alikuwa amemwoa mdogo wake Mama Meno, kwa hiyo waliitana shemeji, na kwa hiyo hapakupita siku bila mmoja kumchokoza mwenzake. Miti yake ilikuwa imepangwa kwenye mapipa yaliyokatwa nusu, na kituo kizima kiliiita Wagane. Yote ilitokana na vipande vya mti mmoja uliokutwa kwenye kilima cha mawe. Mti ule ulitoa maua ya kiume peke yake. Watu walitafuta wa kike miaka na miaka, kilima kwa kilima, na hawakupata. Kisha mti wenyewe ukakatwa, ukawa mkaa. Vikabaki vipande, vikawa miti. Kila mwaka ilichanua, ikamwaga vumbi la njano sakafuni, ikasubiri, ikafagiliwa.

"Kesho nitakusikitikia, shemeji," alisema Mama Meno Mkuu alipokwisha kuondoka. "Utamwambia nini huyo Mkaguzi? Una wanaume watupu, wamesimama wanamwaga unga."

"Afadhali wamesimama. Wako wanakimbizana kutwa, na wakisimama ni kukojoa."

"Wanakimbizana, halafu wanazaa. Umemwona Bibi Harusi tumbo lake? Wiki hii hii nina wajukuu."

"Miti yangu itaishi miaka mia."

"Kufanya nini?"

Alicheka, akampiga bega kwa kitambaa cha kufutia vizimba, akaenda zake. Kinyozi naye alicheka. Lakini aliporudi kwenye chumba chake na kufunga mlango, swali lile liliingia naye, likakaa.

Maana lilikuwa swali la kweli, na Mkaguzi angeliuliza. Ukiwaweka hao wawili kwenye mizani, panya ni dhaifu: baridi ya siku moja inawamaliza wote, na hata wakitunzwa kama wafalme, mnyama mmoja hafikishi miaka minne. Lakini ana mimba. Ana kesho. Mti hauna haraka ya kufa. Ungeuweka uani ungenyauka kidogo kidogo, tawi hili msimu huu, lile msimu ujao, na hakuna ambaye angeweza kusema umekufa lini. Lakini pia hakuna ambaye angeweza kusema unaishi kwa ajili ya nini. Kinyozi alikuwa ameiotesha miti ile mwenyewe, kipande kimoja kimoja, akiipepea kiangazi na kuifunika kipupwe kuliko alivyowahi kumfunika mtu yeyote nyumbani. Kabla ya hapo alikuwa amefukuzwa bustani mbili na kiwanda kimoja. Alijua kusoma nyuso za watu wanaokuja kulinganisha. Angeshindwa.

Basi akachukua mkasi. Kama ni kushindwa, Wagane washindwe wakiwa wamenyolewa vizuri.

Hapa lazima nieleze habari ya vijiti. Panya mkia-ufagio walitoka kilima kile kile cha mawe, na kule walizoea kuguguna mti ule ule. Hapakuwa na mti mwingine uliowafaa meno. Kwa hiyo kila Kinyozi alipopogoa, aliacha vijiti mlangoni pake, na shemeji yake alikuja kuvichukua. Na kila alipokuja, miaka yote hiyo, Kinyozi alimwambia kitu kimoja: "Leo nimetia sumu." Naye alijibu kitu kimoja: "Vijiko vingapi?" Kinyozi akasema viwili, au vitatu na sukari, au kikombe kizima kwa sababu ya deni la kumwoza mdogo wake. Hata Mkuu aliuzoea mchezo huo, na kwa Mkuu, huko ni kucheka.

Sasa, mwezi huo wadudu walikuwa wameingia kwenye mashina. Walitoboa matundu madogo na kuacha unga wa mbao chini. Mkuu alileta dawa ya chengachenga, ya kufukia kwenye mizizi, na Kinyozi akaifukia. Ni dawa kali. Mti huinywa pamoja na maji, ikapanda mpaka ncha ya tawi la mwisho, na mdudu anayeuma popote anakufa palepale. Tangu siku hiyo Kinyozi hakuwa amepogoa, na shemeji yake, aliyekuwa na akiba ya vijiti, hakujua habari ya dawa. Alikuwa amejiambia kwamba akipogoa, vijiti atavichoma kwenye pipa la uani.

Mchana ule alipogoa Wagane wote, na alipomaliza, mkono wake, uliozoea kazi yake kuliko kichwa chake, ukakusanya vijiti na kuviweka mlangoni. Hakuviweka kwa nia. Nia ilikuja baadaye kidogo, kama mgeni anayejua chakula huiva saa ngapi.

Alikuwa bado ameinama anafagia aliposikia ndala za Mama Meno kwenye sakafu ya saruji.

"Mashallah, shemeji! Umewanyoa mpaka wangepata wachumba, kama wachumba wangekuwepo."

Kinyozi akainuka. Akamwona ameshachutama, anafunga vijiti kwa kamba, kimoja kimoja, akivigonga kwenye goti kusikiliza ugumu wake.

"Usichukue hivyo," alisema.

"Mchoyo we."

"Nimetia sumu."

"Vijiko vingapi?"

Hapo ndipo palikuwa na nafasi. Haikuwa kubwa, lakini mtu mzima angeweza kupita. Angesema: wallahi, shemeji, leo si utani, kuna dawa mizizini. Maneno machache tu, na yote ya kawaida. Alifungua kinywa. Mama Meno alikuwa anamtazama kutoka pale chini, jino moja la pembeni likionekana, akingoja idadi ya vijiko ili acheke.

Kinyozi akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa utani. Mama Meno akacheka kwa niaba yake, akajitwika kitita begani, akaondoka akiimba.

Nimemwambia, alijisemea Kinyozi. Nimemwambia kwa Kiswahili. Akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Tena haikuwa imekwisha. Alijua desturi ya kazi ya shemeji yake: vijiti hulowekwa kwenye ndoo mpaka asubuhi vilainike ganda, na panya hupewa baada ya vizimba kusafishwa. Jioni nzima ilikuwa mbele yake.

Nyumbani mkewe alikuwa anapika huku simu imebanwa kati ya sikio na bega. Alipomwona mumewe anaingia, akacheka ghafla, akaifunika simu kwa kiganja.

"Dada anasema leo umewatia sumu wanae!"

"Mwambie..." alisema Kinyozi.

"Nimwambie nini?"

Mvuke wa sufuria ulikuwa umejaa dirishani. Kwenye simu ilisikika sauti ndogo ya Mama Meno ikisema jambo, ikicheka yenyewe kabla ya kumaliza.

"Mwambie kesho anihurumie kidogo mbele ya Mkaguzi," alisema Kinyozi. "Asinishinde vibaya."

Mkewe akafikisha ujumbe. Wanawake wawili wakacheka, mmoja jikoni, mmoja nyumbani kwake. Kinyozi alikula chakula chote kilichowekwa mbele yake, akaomba kingine, na mkewe akafurahi.

Asubuhi aliondoka mapema. Nimtendee haki: aliondoka akiwa na maneno tayari. Aliyapanga njiani, akayageuza, akayafupisha. Barabara ilikuwa na utelezi wa umande, na wachomeleaji wa karakana walikuwa wamesimama kuzunguka moto wa makaratasi, mikono imenyooshwa. Mmoja akamsalimia. Alijibu bila kusimama. Akafungua geti, akapita uani, akaingia kwenye ujia mrefu uliotenganisha chumba chake na cha panya.

Akasikia.

Kila aliyefanya kazi pale aliijua sauti ile: kra, kra, kra, meno mengi juu ya mti mgumu, kama mvua inayoanza kwenye bati. Mama Meno alikuwa amewahi. Naye, kama watu wote, alitaka wageni wakute nyumba safi, wanyama wameshiba. Kinyozi alisimama mbele ya mlango wa shemeji yake, mkono umeinuliwa wa kubisha. Ndani alimsikia akiongea nao: "Taratibu, Bibi Harusi, wewe una wenzako tumboni. Babu, wewe subiri uji wako, meno huna."

Kra, kra, kra.

Kinyozi aliuona mkono wake ukishuka. Akavuka ujia, akaingia kwa miti yake, akachukua kopo la maji. Alimwagilia Mgane wa kwanza, akamwagilia wa pili. Alifika wa mwisho, akaanza tena wa kwanza, ingawa udongo ulikuwa bado unameremeta maji.

Mkaguzi alikuwa mama mnene mwenye koti la sufu na viatu vya mvua, mtu wa maneno machache. Alianzia kwa miti. Aligusa majani, akanusa, akatazama matundu ya mashina.

"Wadudu wamekoma?"

"Wamekoma."

"Mmefanya kazi nzuri. Wa kike hajapatikana?"

"Bado," alisema Kinyozi.

"Bado," alirudia Mkaguzi, kwa upole, kama mtu anayerudisha kitu kilichoanguka. "Haya. Twende kwa wenye mimba."

Kinyozi alibaki akimsikiliza akivuka ujia. Alisikia mlango ukifunguliwa. Na hapo ndipo alipogundua kuwa ile sauti ya meno ilikuwa imekoma zamani, na kwamba yeye alikuwa ameshajua imekoma, na alikuwa akipiga mluzi kuijaza nafasi yake.

Mama Meno hakupiga kelele. Aliita tu, "Shemeji," mara moja, kisha tena, "shemeji, njoo," kama anavyoita mtu mwenye mzigo mzito mikononi anayetaka asaidiwe kuushika.

Panya walikuwa wakitetemeka. Walilala ubavu, miguu inapiga maranda ya mbao waliyotandikiwa, mikia ile mikubwa inafagia na kufagia pahali pamoja. Wengine walikuwa wameshatulia. Mama Meno alikuwa amemweka Bibi Harusi kwenye mapaja, anamfuta mdomo kwa kitambaa. Aliyekuwa mzima ni Babu peke yake, dume mzee aliyeng'oka meno ya mbele, amekaa kwenye kona ya kizimba chake na uji kwenye ndevu, akiwatazama.

Daktari wa mifugo alifika akiwa na mfuko na miwani yenye ukungu. Hakuna alichoweza zaidi ya kupima na kuuliza.

"Wamekula nini?"

"Chakula chao," alisema Mama Meno. "Na vijiti."

Daktari aliokota kijiti kilichogugunwa nusu, akakigeuza mwangani. "Mti huu umetiwa dawa?"

Mkuu alikuwa mlangoni, mguu mmoja ndani. Alimtazama Kinyozi. Mkaguzi naye.

"Ndiyo," alisema Kinyozi. "Ya mizizi. Nilimwambia."

Akaona jinsi maneno yalivyotoka mazuri, yamenyooka, hayana doa.

Mkuu akamgeukia Mama Meno. "Alikwambia?"

Mama Meno alikuwa bado ameinamia mapaja yake. Alikikunja kitambaa, akakiweka kando.

"Ni kweli," alisema. "Aliniambia. Mimi ndiye niliyecheka."

Mkuu alitazama chini, akaona mguu wake uko ndani, akauacha hapo.

Uamuzi ulitolewa siku hiyo hiyo, na haukuwa mgumu. Mkaguzi alisema alikuja kulinganisha, lakini sasa hakuna cha kulinganisha: upande huu dume lisilo na jike, na upande huu dume lisilo na jike. Kinachotofautiana ni muda tu. Babu na kizimba chake wangetosha kwenye kona ya chumba cha miti. Hakuna haja ya kumtafutia mtu mahali. "Wote watabaki," alisema, akafunga vifungo vya koti lake. Mtu angedhani ni habari njema.

Wiki iliyofuata, Mama Meno alihamia. Kinyozi alifika na kumkuta ameshaingia, ameshafagia, kizimba kiko chini ya Mgane mkubwa. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alisimama kumsalimia.

"Habari za asubuhi, bwana."

"Shemeji..."

"Nimesogeza mapipa mawili kidogo. Kama yamekaa vibaya niambie, nitayarudisha."

Alisema kwa adabu iliyonyooka, kama anavyoongea mtu na mwenye nyumba. Kinyozi alitundika koti lake. Alichukua mkasi, akauweka, akauchukua tena. Kazi ya kwanza aliyoona inafaa ilikuwa kusema.

"Siku ile," alisema, "niliona hujaelewa."

"Najua."

"Ningekurudia. Hata asubuhi nilifika mpaka mlangoni kwako."

Mama Meno alikuwa anakoroga uji wa Babu. Kijiko kilisimama, kisha kikaendelea.

"Hilo la mlangoni sikulijua," alisema. "Nilijua la kwanza tu. Usiku ule nililala nikajiuliza, mbona leo shemeji hakunitajia vijiko? Nikasema labda amechoka. Nikasema labda ana wasiwasi wa Mkaguzi, maskini. Nikakuonea huruma."

Kinyozi alishika shina lililokuwa karibu naye. "Utamwambia mdogo wako?"

"Nimwambie nini? Kwamba uliniambia? Anajua. Alicheka na mimi kwenye simu."

"Basi mwambie Mkuu. Niondolewe. Nitasema mwenyewe."

"Uondoke uende wapi?" Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Na Wagane wako umwachie nani? Hapana, bwana. Nimeshaongea na Mkuu. Daktari anasema Babu amebakiza mwaka, akitunzwa vizuri. Nitamtunza vizuri. Akishakwenda, nitahamia upande wa miti, nikusaidie. Nimeomba mwenyewe, na amekubali. Ameingia mpaka ndani kuniambia." Alipuliza uji, akaujaribu kwa mdomo. "Wanaishi miaka mingapi hawa? Ulisema mia?"

Nje wachomeleaji walikuwa wameanza kazi. Mwanga wa bluu uliruka kwenye vioo, ukazimika, ukaruka tena. Vumbi la njano lilikuwa limeanza kudondoka, mapema kuliko mwaka jana, likatua kwenye mabega ya wote wawili na kwenye mgongo wa mnyama.

Mama Meno alivuta kigoda. Alikijaribu hapa, akakijaribu pale, mpaka akapata mahali ambapo angeweza kumwona Babu na kumwona yeye bila kugeuza shingo. Akaketi, akaweka bakuli mapajani.

"Endelea kunyoa," alisema.